Kiswahili cha Kamalondo mbele ya elimu ya lugha

Padri au katekista anayefika Kamalondo kutoka inchi nyingine husikia mapema hukumu moja: watu wa hapa hawasemi Kiswahili, wanakivunja. Hukumu hiyo hutoka katika kinywa cha mgeni wa Dar es Salaam, lakini hutoka vilevile katika kinywa cha waalimu wetu wenyewe. Hata seminaristi aliyezaliwa katika mtaa huu huona haya pengine, akirudi likizo pamoja na wenzake na kumsikia mama yake akiwasalimu. Basi katika kurasa hizi tunataka kuuliza: hukumu hiyo ni ya haki? Imetolewa na nani, na kwa mashahidi gani? Ili kujibu, inafaa tufuate habari mbili pamoja: habari ya lugha ya mtaa, na habari ya wale walioandika lugha zetu na kuzifundisha, tangu vitabu vya wamisionere hata universite ya Lubumbashi.

Kwa mchuuzi sokoni maneno haya ni madogo. Akielewana na mnunuzi, biashara inaendelea. Kwa padri na katekista si madogo. Mtu huungama zambi zake katika lugha ya nyumba yake. Mgonjwa huita katika lugha hiyo usiku. Mchungaji anayeidharau lugha hiyo ataisikia nusu tu, na nusu ile asiyoisikia huenda ndiyo iliyokuwa na uzito.

I. Mtaa na lugha yake

Mji wa Elisabethville, ambao tangu mwaka wa 1966 unaitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka wa 1910. Mwaka ule ule reli ilifika hapa kutoka kusini, kutoka Rhodesia. Kompanyi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilihitaji watu wa kuchimba na kuyeyusha shaba, na katika miaka ya kwanza wengi walitoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kwa hiyo katika kazi kulisikika Kibemba, Kiingereza kidogo, na lugha ya mchanganyo iliyoitwa Kikabanga. Kiswahili hakikuwa kitu kigeni katika Katanga. Katika mji wa Bunkeya, siku za mfalme Msiri aliyeuawa mwaka wa 1891, wachuuzi wa pwani ya mashariki walikuwa wamekwisha kufika. Lakini katika mji mpya wa shaba Kiswahili hakikuwa bado lugha ya wote.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia mambo yaligeuka. Kompanyi ilianza kutafuta watumishi wengi upande wa kaskazini na mashariki: Lomami, Kasai, Maniema, na halafu Ruanda-Urundi. Tena Wabelgi waliogopa nguvu ya Waingereza wa kusini juu ya watumishi wao. Kiswahili kiliwafaa. Kilijulikana tayari na serikali upande wa mashariki ya Kongo, hakikuwa lugha ya kabila moja la hapa, na hakikuwa Kiingereza. Mwalimu Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka wa 1986 juu ya lugha na utawala: Kiswahili hakikuenea Katanga kwa bahati tu, kilisukumwa pia na wenye amri kwa faida ya kazi yao.

Hapo ndipo Kamalondo inapoingia. Mtaa huu ni mzee kuliko mitaa mingine ya watu weusi inayosimama leo katika Lubumbashi. Ulipimwa karibu na mwaka wa 1920 na kuitwa Cité Albert, nao ulitengwa na mji wa Wazungu kwa kipande cha inchi tupu kisichojengwa. Kampi za Union Minière zilikuwa na wakubwa wake na sheria zake. Katika Cité Albert walikaa boyi wa nyumba za Wazungu, makarani, washonaji, maseremala na wachuuzi. Mluba alikaa ukuta kwa ukuta na Mbemba, Msanga na Mtetela, Mlunda na mtu wa Maniema. Tangu karibu na mwaka wa 1928 kompanyi nayo ikafuata njia mpya: mtumishi akae pamoja na bibi yake na watoto wake, asirudishwe kwao kila mara. Watoto wakazaliwa mjini. Wazazi wao walikuwa wamejifunza Kiswahili wakiwa watu wazima, haraka, kazini. Watoto walikipata kama lugha ya kwanza, wakakipa sheria zake, na hao watoto ndio waliotengeneza Kiswahili tunachokisikia leo.

Tukumbuke basi neno hili: lugha iliyoletwa kwa amri ya kazi iligeuka kuwa lugha ya mama kwa mikono ya watoto. Wenye amri hawakulipanga jambo hilo.

II. Eklezia na vitabu vya lugha

Kazi ya kuandika lugha za inchi zetu, Eklezia iliianza zamani sana. Kitabu cha kwanza cha sarufi ya lugha ya Kibantu kilichopigwa chapa ni cha Mkapusini Giacinto Brusciotto, juu ya Kikongo, nacho kilitoka Roma mwaka wa 1659. Brusciotto alitambua jambo ambalo sarufi ya Kilatini haikuweza kumwonyesha: majina ya Kikongo yanakaa kwa makundi, na kila kundi lina mwanzo wake, na mwanzo huo unaamuru maneno mengine ya sentensi. Wataalamu wa leo wanaendelea kujenga juu ya jiwe hilo.

Lakini kabla ya Brusciotto kulikuwa na kamusi. Mkapusini Joris van Gheel aliinakili mwaka wa 1652, Kilatini na Kihispania na Kikongo, na mkono wake bado umehifadhiwa Roma. Kwa miaka mingi kamusi hiyo iliitwa ya van Gheel. Wataalamu waliochunguza zaidi wanaona kwamba sehemu kubwa ya kazi inatoka kwa Manuel Roboredo, padri wa San Salvador, aliyezaliwa na mama wa Kongo. Yeye ndiye aliyejua Kikongo tangu utoto. Jina la mnakili lilibaki juu ya kitabu. Jina la mjuzi likafunikwa.

Habari hiyo ilirudiwa mara nyingi. Katika kila misioni Mzungu alishika kalamu, na karibu naye aliketi katekista au mwanafunzi aliyemwambia: hapana, Padri, hatusemi hivyo, tunasema hivi. Kitabu kilipotoka, jina moja tu lilionekana. Hatusemi hayo ili kuwashitaki wazee wetu wamisionere, ambao walitaabika sana na bila wao tungekosa vitabu vingi. Tunasema kwa sababu ni sehemu ya historia, na kwa sababu kosa hilo linaweza kufanywa leo na mtu mweusi pia.

Katika Katanga yetu kazi iligawanyika kwa mashirika. Mapadri Weupe walikuwa wamepokea Mpala, kwenye ziwa la Tanganyika, mwaka wa 1885. Wao walitoka upande wa mashariki na Kiswahili kilikuwa tayari mikononi mwao. Kwa hiyo Kiswahili cha vitabu vya dini vya upande ule kilibaki karibu na Kiswahili cha pwani. Wabenediktini wa abasia ya Sint-Andries, pamoja na Monseigneur Jean-Félix de Hemptinne, walifika Katanga mwaka wa 1910, na Wasalesiani wakafuata mwaka wa 1911. Mbenediktini Hadelin Roland aliandika sarufi ya Kisanga, iliyotoka mwaka wa 1937. Kwa Wafransisko, Padri E. van Avermaet alitoa mwaka wa 1954 kamusi kubwa ya Kiluba na Kifaransa, na safari hii jina la Mluba, Benoît Mbuya, liliwekwa kwenye kitabu pamoja na lake. Mfransisko mwingine, Padri Placide Tempels, alitafuta mawazo ya Waluba ndani ya maneno yao, na kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu kilipigwa chapa hapa Elisabethville mwaka wa 1945.

Seminaristi wasisahau tena mwenzao Stefano Kaoze, Mtabwa. Alikuwa bado seminaristi alipotoa mwaka wa 1910, katika gazeti la Wabelgi, maandiko yake juu ya roho na mawazo ya Wabantu. Alipewa upadri mwaka wa 1917, wa kwanza katika Kongo ya nyakati hizi. Kabla ya mtu yeyote kujenga universite katika inchi yetu, kijana wa seminari alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kuandika juu ya watu wake na mawazo yao kwa akili ya elimu.

Amri ya Eklezia ilikuwa wazi. Mwaka wa 1919 Baba Mtakatifu Benedikto XV, katika barua yake Maximum illud, alidai kwamba mmisionere ajifunze lugha ya watu kwa kina, asitosheke na maneno machache, wala asiache kazi yote kwa katekista. Mwaka wa 1963 Mtaguso ulifungua mlango ili lugha za watu ziingie katika liturujia. Lakini lugha gani ingeingia altareni Lubumbashi? Kiswahili, ndiyo, na kwa kawaida Kiswahili cha vitabu, ambacho watu wa Kamalondo wanakielewa na kukiheshimu, lakini hawakisemi wakiwa nyumbani.

III. Universite inafika Elisabethville

Mwaka wa 1954 Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville. Mwaka wa 1956 universite ya serikali ilifungua milango yake Elisabethville. Kati ya waalimu wake wa kwanza alikuwa Mbelgi Edgar Polomé, mtaalamu wa lugha za kale za Ulaya, ambaye alisikia Kiswahili kila siku kikisemwa katika mji. Angeweza kukipuuza, kwa elimu aliyokuwa nayo hakuna mtu angemlaumu. Yeye alisikiliza akaandika. Alihamia Marekani mwaka wa 1961, na mwaka wa 1967 kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka Washington. Mwaka wa 1968 alitoa maandiko juu ya Kiswahili cha Lubumbashi chenyewe. Hapo lugha ya mitaa yetu ilipimwa kwa mara ya kwanza kwa kipimo kile kile cha elimu wanachopimia Kigiriki na Kilatini.

Mwaka wa 1971 serikali iliunganisha universite zote kuwa moja, na masomo ya lugha na ya fasihi yakapewa Lubumbashi. Ndipo kilipozaliwa hapa kituo cha elimu ya lugha kinachoitwa CELTA. Vijana wa kila pembe ya inchi walikuja kusoma lugha zao wenyewe, na mwaka wa 1974 wataalamu wa lugha wa inchi yote walikutana Lubumbashi kujadiliana juu ya namna ya kuandika lugha zetu na juu ya nafasi yake katika masomo. Mwaka wa 1981 universite ya Lubumbashi ilipata tena kujitawala.

Miaka hiyo ilileta pia wageni wenye masikio mazuri. Walter Schicho wa Vienna, Austria, alichunguza Kiswahili cha Lubumbashi, na mwaka wa 1981, pamoja na Mbayabo Ndala, alitoa kitabu juu ya michezo ya Mufwankolo na wenzake, ile ambayo watu wa mji waliipenda sana. Vincent de Rooij wa Uholanzi, katika kitabu cha mwaka wa 1996, alichunguza namna watu wa hapa wanavyochanganya Kifaransa na Kiswahili, na wanavyopanda kutoka maneno ya mtaa kwenda Kiswahili bora na kushuka tena, kila mara kwa sababu fulani. Mtu anayesali huchagua maneno mengine kuliko anayetania.

Tutaje zaidi kitabu kimoja, kwa sababu mwandishi wake hakuwa mtu wa universite. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika habari za mji wa Elisabethville kwa jina la waliokuwa boyi wa Wazungu. Alikiita kitabu chake kwa Kifaransa Vocabulaire, yaani orodha ya maneno, lakini ndani yake mna historia ya mji kama walivyoiona wale waliopika na kufua. Aliandika kama walivyosema, bila kufuata sheria za maandiko ya masomo. Fabian alipotaka kukitoa upya na kukifasiri, alikuta kwamba jicho peke yake haliwezi kukisoma. Kalundi Mango, mtu wa lugha hiyo, alikisoma kwa sauti, na hapo maneno yaliyoonekana kama fujo yakasikika kuwa sentensi safi. Kitabu kilitoka mwaka wa 1990, pamoja na maelezo ya lugha ya Schicho. Kwa sauti, kitabu kilieleweka. Mtu aliyekiangalia kwa macho tu, akitafuta Kiswahili bora, angesema kwamba mwandishi hakujua kuandika.

Mwaka wa 2014, huko Paris, kilitoka kitabu cha sarufi, habari na maneno ya Kiswahili cha Lubumbashi. Waandishi wake ni watatu: Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa. Tangu Roboredo hata siku ile ilipita zaidi ya miaka 350. Wenye lugha walikuwa sasa juu ya jalada, sawasawa na mgeni.

IV. Je, lugha hii imevunjika?

Sasa tunaweza kuurudia ule ulizo wa kwanza, na kuwaita mashahidi watatu kutoka katika kinywa cha mtaa.

Wa kwanza ni mwanzo ka-, na wingi wake tu-. Kamalondo wanasema katoto, tutoto. Kiswahili bora kinasema kitoto, vitoto. Anayecheka ka- anadhani watu wa hapa wameharibu ki-. Elimu inaonyesha kinyume. Ka- na tu- ni makundi ya kale ya Kibantu, nayo yako katika Kiluba, Kisanga na Kibemba. Kiswahili cha pwani ndicho kilichoyapoteza.

Wa pili ni maneno mu, ku na pa mbele ya jina la fasi: mu nyumba, ku masomo, pa meza. Mtu wa Unguja anasema nyumbani, shuleni, mezani. Hapa pia desturi ya Kamalondo inafuata njia ya kale ya lugha za Kibantu, na -ni ya pwani ndiyo iliyokuja baadaye. Alama za njia ile ya kale zimebaki hata katika Kiswahili bora, katika maneno humu, huku na hapa.

Wa tatu ni mkia -aka kwenye kitendo. Anasema ni jambo moja. Anasemaka ni desturi yake kusema. Kiswahili bora hutumia hu- kwa kazi hiyo: yeye husema. Wataalamu wa lugha za kale za Kibantu, kama A. E. Meeussen wa Tervuren katika kitabu chake cha mwaka wa 1967, wameonyesha mkia -ag- wa maana ya kurudia au kuendelea, na -aka yetu ni mtoto wa ukoo huo. Hata Tanzania, katika maneno ya kila siku, utasikia watu wakisema anasemaga.

Basi katika mambo hayo matatu hakuna kuvunjika. Watoto wa Cité Albert walipokea Kiswahili kwa mkono mmoja na lugha za bankambo kwa mkono wa pili. Pale ambapo Kiswahili kilikosa chombo walichokizoea, walikichukua katika nyumba ya bankambo.

Lakini elimu haiko kwa kubembeleza. Inatuambia pia kwamba mambo mengine yamepungua. Upatano wa maneno umelegea: watu wanasema kitabu yangu, na mingi inafuata karibu kila jina. Sauti za Kiarabu zimepotea: dh imekuwa z, th imekuwa s, gh imekuwa g. Hata vitabu vyetu vya sala vimeandika zambi, na hakuna mkristu aliyepotea kwa sababu hiyo. Upungufu huo una sababu yake: watu wazima wa makabila mengi walijifunza lugha pamoja, upesi, chini ya msimamizi. Kwa upande mwingine, Kiluba, Kisanga na Kibemba vinatofautisha maneno kwa sauti ya juu na ya chini, na Kiswahili hakifanyi hivyo, si cha pwani wala cha kwetu. Aliyejifunza Kiswahili tu hataweza kuhubiri Kiluba kwa kubadili maneno pekee. Atasema jambo moja na kusikiwa jingine.

Hii ndiyo faida ya elimu ya lugha katika universite. Inamfundisha mtu kutenganisha mambo mawili: hiki ni tofauti, na hiki ni kosa. Asiye na elimu hiyo huita kosa kila kitu asichokizoea.

V. Katika kitubio

Pengine mtu atasema: hayo ni mambo ya wataalamu, padri ana kazi nyingine. Tuangalie basi kazi yake mwenyewe.

Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka wa 1551, Eklezia inafundisha kwamba mwenye kutubu aungame zambi zake za mauti kwa aina na kwa hesabu, kadiri anavyokumbuka. Sheria ya Kanoni ya mwaka wa 1983 inashika fundisho hilo hilo. Na theologia ya maadili inatofautisha tendo moja na desturi. Aliyeanguka mara moja na aliyezoea kuanguka hawahitaji shauri moja.

Tuweke mfano tulioutunga kwa kufundisha tu. Mtu anasema: minaiba feza ya bwana yangu. Mwingine anasema: minaibaka feza ya bwana yangu. Padri aliyejifunza Kiswahili cha vitabu peke yake atasikia sentensi moja mara mbili. Mkia -aka ataudhania kuwa ulegevu wa ulimi wa mtaa. Lakini wa pili ametaja desturi. Amesema wazi kabisa, kwa sarufi kamili ya lugha yake, kwamba jambo hili linarudia. Padri anampa shauri la mtu aliyeanguka mara moja na kumwacha aende. Mwenye kutubu alisema kweli, sikio halikuwapo.

Tena mkia huo huo hutokea pamoja na -li- katika habari za zamani, kama tulikuwaka, na hapo si lazima uonyeshe desturi. Ndiyo sababu haitoshi kusema: nimezaliwa hapa, ninaijua lugha. Mzaliwa anaitumia lugha, lakini mara nyingi hajui namna ya kuieleza kwa mwenzake aliyetoka Kinshasa au Kananga akatumwa parokia ya Kamalondo. Elimu ndiyo inayofanya ujuzi wa mmoja uwe mali ya wote.

Wengine wataogopa kwamba tunataka kuondoa Kiswahili bora altareni. Hapana. Kiswahili bora kinatuunganisha na ndugu zetu wa Bukavu, wa Tabora na wa Mombasa. Maandiko Matakatifu yamefasiriwa kwa uangalifu katika lugha hiyo, na watu wetu wenyewe wanataka kusali kwa maneno mazuri. De Rooij ameonyesha kwamba wanajua vizuri kupanda na kushuka. Tunasema hivi tu: mdomo wa padri unaweza kufuata kitabu, lakini sikio lake lazima lifuate watu.

VI. Kazi inayobaki

Katiba ya inchi yetu ya mwaka wa 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Lakini heshima ya karatasi haisomeshi mtu. Kijana anayekwenda universite ya Lubumbashi kusoma lugha za Afrika bado huulizwa na wajomba: utakula nini na masomo hayo? Mbona usisome sheria au uganga? Wazazi wana haki ya kuuliza juu ya chakula. Lakini Eklezia, ambayo imeishi kwa kufasiri neno tangu siku ya Pentekoste, isiulize namna hiyo. Inafaa katika kila seminari awepo mwalimu mmoja aliyesoma elimu ya lugha kwa kweli, na maaskofu wakiweza, wawatume vijana wachache katika masomo hayo kama wanavyowatuma wengine kusoma Sheria ya Kanoni.

Kwa wale ambao hawatakwenda universite, kazi ipo vilevile. Seminaristi aliye likizo achukue daftari, aandike maneno ya wazee kama anavyoyasikia, kabla ya kuyasahihisha. Ajiulize: je, neno hili linarudi namna moja katika vinywa vya watu wengi? Likirudi, hiyo ni sheria, si kosa. Makatekista, ambao wanajua mengi kuliko sisi, waandike maneno ya dini ambayo watu hawayaelewi, na neno gani wanatumia wao wenyewe wakieleza. Neno lolote lililosikika katika kitubio lisiingie kamwe katika daftari, hata bila jina. Jambo hilo halina mjadala. Na kila mzee aliyetoa ujuzi wake aulizwe kama anapenda jina lake liandikwe. Akikubali, liandikwe karibu na neno lake. Tumeona katika habari ya Roboredo nini kinatokea jina likiachwa.

Wazee waliozaliwa Cité Albert miaka ya 1930 na ya 1940 wanapungua kila mwaka. Hao ndio watoto, au wadogo wa wale watoto, waliokifanya Kiswahili cha amri kuwa Kiswahili cha nyumbani. Wengi wao bado huja Misa ya kwanza asubuhi, na baada ya Misa hukaa kidogo nje ya kanisa na kuongea. Padri aliyevua mavazi ya ibada anaweza kukaa nao nusu saa. Asisahihishe neno.